Ndoo Kumi na Tano

Siku ya kwanza sikuiona ndoo ya mama, nikajisemea ana maji ya akiba. Siku ya pili nikajisemea labda alikuja nikiwa ndani ya chumba cha pampu. Siku ya tatu nilikosa la kujisemea. Nilisimama kwenye koki, ufunguo shingoni, nikaitazama foleni kuanzia mbele hadi nyuma, kisha nyuma hadi mbele.

Watu wananiita Mama Koki. Ukinikuta nimenuna usishangae. Ungekuwa wewe unaamka saa kumi alfajiri kila siku iendayo kwa Mungu kuwasha pampu, halafu watu wazima wanagombana mbele yako kama kuku, ungenuna pia. Mtaa wetu una kisima kimoja na tangi moja, na tangi hilo linatoa ndoo mia nne kwa siku. Si mia nne na moja. Likiisha limeisha, hata ulie machozi ya damu.

Utaratibu wetu ni kwamba kwenye foleni zinakaa ndoo, si watu. Mtu anaileta ndoo yake usiku au alfajiri, anaipanga nyuma ya mwenzake, anarudi kulala. Kwa hiyo mimi watu siwajui kwa sura kama ninavyowajua kwa ndoo. Ya kijani iliyopasuka mdomo ni ya mke wa dereva. Nyekundu yenye mpini wa waya ni ya Fundi Viatu, mzee mmoja mwenye maneno kuliko redio. Nyeupe yenye kitambaa cha bluu kwenye mpini ni ya mama yangu mzazi.

Mama ndiye anayenilelea kitindamimba wangu, Kidoti, wa miaka minne. Mimi natoka usiku na kurudi usiku, kwa hiyo mtoto analala kwa bibi yake kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Kila asubuhi wanakuja wote wawili kuchota, Kidoti kajitwisha kikopo chake, nami namwona mwanangu hapo hapo kwenye koki, nampiga busu, kazi inaendelea. Sasa nielewe. Kutoiona ile ndoo siku tatu ni kutomwona mama siku tatu, na kutomwona mwanangu.

Na mimi ndiye niliyeyataka.

Wiki iliyotangulia foleni ilikuwa imeshindikana. Kwa bei ya shilingi kumi kwa ndoo, ndoo zilizokuja zilikuwa mia saba, na maji ya ndoo mia nne. Hesabu mwenyewe wangapi walirudi mikono mitupu. Mjamzito alisukumwa akaanguka kwenye matope. Mtu akahamisha ndoo ya mtu, wakang'ang'ania, mmoja akapoteza jino. Mwenyekiti wa kamati ya maji, muuza mbao, akaniambia nisipopata dawa ya ile fujo atatafuta mtu mwingine wa kushika ufunguo.

Ndipo akajitokeza Profesa. Profesa ni binti wa kaka yangu, yuko mwaka wa kwanza chuoni, anasoma uchumi, alikuwa amekuja likizo. Ni mtoto mwenye akili, sikatai, ila akishajua kitu lazima na wewe ukijue hata kama unapika.

"Shangazi, hii mbona ipo kwenye notisi zangu," akasema. "Hapa tunachora tu mstari wa mahitaji."

"Chora basi, tuone kama mstari unazuia watu kupigana."

Akachukua daftari, akaipita foleni na nyumba zote, mia moja tisini na sita. Kila nyumba aliiuliza vile vile: ndoo ikiwa kumi mtachukua ngapi kwa siku? Ishirini? Thelathini? Arobaini? Watu walimcheka lakini walimjibu. Fundi Viatu, aliyekuwa na kawaida ya kunichokoza, akasema, "Ikiwa kumi nachukua tatu. Ishirini, moja. Ikifika thelathini itabidi nimuoe Mama Koki nioge bure."

"Sema kweli, babu," Profesa akamwambia.

"Kweli? Thelathini nitakunywa hewa."

Tukacheka. Profesa akaandika sifuri.

Alipofika kwa mama nilikuwa naye, tena nilikuwa na haraka. Mama alikuwa kajilaza kidogo. Nikamwambia Profesa asimsumbue, nikamjibia mimi. "Bibi yako ni ndoo mbili. Kumi mbili, ishirini mbili, thelathini mbili, arobaini mbili. Mtu na mtoto mdogo, watakwenda wapi?"

Profesa akafurahi kama kaokota dhahabu. "Huyu mstari wake umesimama wima kama ukuta! Bei ipande, ishuke, hajali."

Basi akajumlisha nyumba zote, akachora kwa chaki kwenye mlango wa chumba cha pampu. Bei inapanda juu, ndoo zinakwenda kulia, mstari unateremka. Kwa kumi, mia saba. Ishirini, mia tano hamsini. Thelathini, mia nne. Arobaini, mia mbili hamsini. Chini yake akaandika fomula: mia nane hamsini, toa kumi na tano mara bei. Ukitia bei yoyote pale, inakutolea ndoo. Nilikubali mwenyewe, mtoto kafundishwa.

"Maana yake," akasema, "bei ikipanda kwa moja tu, ndoo kumi na tano zinaondoka."

"Zinaenda wapi?"

"Haziendi popote, Shangazi. Ni namba."

"Na hawa watu wakiongezeka je?"

"Hapo mstari wote unahama. Lakini bei ikibadilika peke yake, mstari unabaki pale pale, sisi ndio tunatembea juu yake. Utahama watu wakizidi, au wakipata hela, au ile njia nyingine waliyokuwa wanaikimbilia ikifungwa." Akazungushia duara palipoandikwa thelathini. "Maji yako ni ndoo mia nne. Bei yako ni hii."

Nikaitangaza mimi, Jumapili, nimepanda juu ya jiwe. Watu wakanguruma. Mwanamke mmoja akapaza sauti, "Na mama yako je? Atalipa thelathini au atapitia mlango wa nyuma?"

Hasira zikanipanda. Mimi nikiambiwa mwizi huwa sioni mbele. "Hata mama yangu atalipa!" nikasema. "Tena senti ya mwisho!"

Mama alikuwepo. Alikaza kilemba chake, akamshika Kidoti mkono, akaondoka.

Jumatatu tuliuza ndoo mia tatu tisini na saba. Hakuna aliyesukumwa. Mwenyekiti akaja kumpa Profesa mkono kama mtu mzima mwenzake, na Profesa akapiga picha ule mlango akamtumie mwalimu wake. Mimi nilikaa kwenye kiti, jambo ambalo sijalifanya tangu nianze kazi ile, nikanywa chai asubuhi. Haki ya nani, nilijiona mjanja.

Sasa ni Jumatano, saa tatu asubuhi, na chai nimeiweka chini. Nyeupe yenye kitambaa cha bluu haipo. Nikaanza kutafuta nyingine. Nyekundu ya Fundi Viatu haipo. Ya kijani ya mke wa dereva haipo. Ya yule mjamzito haipo.

Mvuta mkokoteni alikuwa anapakia ndoo za wateja wake. Nikamuuliza, "Mama yangu umemwona?"

"Nilimwona jana machimboni, na ndoo kichwani. Mtoto anamfuata nyuma."

"Machimbo gani?"

"Ya mawe, nyuma ya karakana. Siku hizi kule foleni ni ndefu kuliko hapa kwako." Alisema akicheka, hakujua anachokisema.

Lile shimo nalijua. Mafundi wa karakana wanaoshea injini pale juu, mvua inateremsha kila kitu. Mwaka jana walitoa mbuzi aliyeoza mle ndani. Nikafunga koki, nikazima pampu, nikaupiga kufuli mlango, kitu ambacho sijawahi kukifanya mchana hata siku moja. Watu wakalalamika nyuma yangu. Sikugeuka. Nilikuwa nakimbia, mtu mzima na kiuno changu hiki, Profesa nyuma yangu.

"Shangazi, labda anafulia tu."

"Nyamaza."

"Wewe ulisema ni ndoo mbili kwa bei yoyote—"

"Nimesema nyamaza!"

Mlango wa mama ulikuwa wazi nusu. Mama alikuwa anakamua nguo za mtoto ndani ya karai, na harufu nilikutana nayo mlangoni. Kidoti alikuwa mkekani. Macho yamezama ndani. Midomo imekauka imefanya magamba. Nilimwita, akanitazama kama anatazama mtu aliye mbali, hakunyoosha mkono. Mwanangu yule akiniona huwa anaruka mpaka ananiangusha.

"Ameanza lini?"

"Usiku," mama akasema. "Anaharisha maji matupu. Sasa hata hatapiki tena, hana cha kutapika."

"Kwa nini hukuniita?"

"Ungeacha kazi?"

"Mama, maji mnachota wapi?"

Aliitazama ndoo yake pembeni. Kitambaa cha bluu hakikuwepo kwenye mpini, kilikuwa kimefungwa mdomoni, kina tope la kahawia katikati. "Nayachuja," akasema. "Mara mbili."

"Unayachemsha?"

"Kwa mkaa gani? Na mkaa nao umepanda."

Mama akaendelea kukamua, anaongea na karai, "Ulisema mbele za watu kwamba mama yako atalipa. Ndoo mbili ni sitini. Sitini ndiyo ninayopikia. Ningekuja na mkono mtupu nikutie aibu kazini kwako?"

Hakusema kwa hasira. Heri angenitukana. Nilimwinua Kidoti na akanipa hofu jinsi alivyokuwa mwepesi. Nikambeba kifuani, nikatoka mbio, na njia nzima nilikuwa namwambia, "Usilale, mwanangu, usilale, nitakununulia viatu vyekundu, usilale." Kila aliponyamaza nilisimama kusikiliza kama anapumua.

Zahanati ilikuwa imejaa mpaka koridoni. Muuguzi, mwanamke mmoja mfupi asiye na mchezo, alimfinya Kidoti ngozi ya tumbo akaiachia. Ilibaki imesimama. Akavuta pumzi.

"Kipindupindu. Huyu wa kumi na moja tangu alfajiri."

"Mpe dawa!"

"Dripu zimekwisha, gari limezifuata mjini. Paketi za chumvi ninazo. Nachanganyia nini, mate yangu?" Aliinua jagi tupu. "Maji safi sina. Nimetuma ndoo mbili kwenye koki, zimerudi tupu. Wanasema koki imefungwa, na mwenye ufunguo hajulikani alipo."

Mkono wangu ukaenda shingoni wenyewe.

Sijui kama umewahi kuogopa mpaka ukasikia baridi kwenye meno. Mimi niliisikia pale. Niliivua ile kamba ya ufunguo kichwani, imenasa kwenye kilemba, naivuta pamoja na nywele, nikampa Profesa. Aliunyakua ufunguo akatoka mbio.

Nikabaki nimekaa sakafuni na mtoto mapajani. Kutoka zahanati hadi kisimani ni dakika kumi kwa miguu. Dakika kumi kwenda, kufungua, kuwasha, kujaza, kurudi na ndoo kichwani. Nilikuwa nakokotoa na kusahau, naanza upya. Kila Kidoti alipofumba macho nilimtikisa. "Ewe Mola, mimi ndiye niliyekosa, si huyu," nilisema kwa sauti, watu wakisikia, sikujali.

Nilipoinua kichwa ndipo nikaiona korido vizuri. Mke wa dereva, kajikunja ukutani. Mjamzito, mkono tumboni. Na kwenye benchi la mwisho, Fundi Viatu, mashavu yameingia ndani, miguu imefunikwa khanga ya mtu. Akanitambua. Akajaribu kutabasamu.

"Mama Koki," akasema, sauti kama karatasi. "Hewa haikunitosha."

Niliinamisha kichwa kwa Kidoti. Mimi, niliyezoea kumrudishia kila neno.

Profesa alirudi na mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna, nguo zote zimelowa, ndoo imebaki robo tatu. Muuguzi akachanganya. Akanipa kikombe na kijiko. "Kidogo kidogo. Akitapika, unangoja, unaanza tena. Usichoke." Kijiko cha kwanza kilitoka pembeni ya mdomo. Cha pili kikatoka. Cha tatu nikaona koo limecheza. Nililia hapo, nalia na kunywesha.

Profesa alichukua kikombe kingine akaanza na mke wa dereva. Akaenda kwa mjamzito. Akaenda benchi la mwisho. Kisha akarudi, akachuchumaa karibu yangu, akatoa lile daftari kwenye mkoba, limelowa kando. Akawa anapitisha kidole kwenye safu ya thelathini, anainua macho kutazama mtu, anarudi kwenye daftari.

"Shangazi," akasema. "Ni wale wa sifuri. Wote ni wale wa sifuri."

"Si wote," nikamwambia. "Bibi yako tulimwandikia mbili."

Jua lilipokuwa kichwani Mwenyekiti akafika. Bwana afya alikuwa ameziba machimbo kwa miiba na kuweka askari. Sasa mtaa mzima ulikuwa kisimani, hofu imewakumba, foleni imefika barabarani, na kwa bei ile ile ya thelathini watu wanataka ndoo mia saba. "Wameanza kusukumana," akasema. "Profesa, ule mstari wako. Tupe bei mpya, upesi."

Profesa alimtazama kama mtu aliyeamshwa. Halafu akili yake ikafanya kile ilichofundishwa. Nilimwona midomo inacheza. "Machimbo yamefungwa, kwa hiyo mstari umehama. Mia tatu zaidi kwa kila bei. Elfu moja mia moja hamsini, toa kumi na tano mara bei... ili zibaki mia nne..." Akasita. "Hamsini," akasema, na hapo hapo akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Hamsini!" Mwenyekiti akafurahi. "Hesabu safi kabisa."

"Profesa," nikamwambia. "Ndoo zinazoondoka zinaenda wapi?"

Alianza kulia. Jibu nilishalijua, limelala mapajani kwangu.

Nikamgeukia Mwenyekiti. "Bei ni kumi. Kila nyumba ndoo mbili, si zaidi, hata iwe ya kwako. Zahanati wanachota kwanza, bure. Nyumba mia moja tisini na sita mara mbili, maji yanatosha."

"Foleni itarudi, Mama Koki. Watapigana tena."

"Wapigane. Nitakuwa nawaona."

Akafungua mdomo kunikumbusha ufunguo ni wa kamati. Akamtazama Kidoti, akaenda kutangaza.

Alfajiri ya siku ya tatu pale zahanati Kidoti aliamka akanishika shavu, akaniuliza viatu vyake vyekundu viko wapi. Nilicheka mpaka muuguzi akanikemea. Mjamzito alipona, na mimba yake ikasimama. Mke wa dereva alipona. Fundi Viatu alikuwa amefariki usiku ule wa kwanza, wakati Profesa anamnywesha. Profesa alisimama na kijiko mkononi muda mrefu kabla ya kumwita mtu.

Jumatatu nilirudi kazini. Bado giza, na foleni ilikuwa imeshaanza kupangwa, ndefu, inapinda kona kama zamani. Nilitembea na tochi nikiitazama ndoo moja moja mpaka nikaiona nyeupe yenye kitambaa cha bluu, nikashusha pumzi. Kisha nikapiga hatua mbili, nikaikuta nyekundu yenye mpini wa waya.

Ilikuwa pale pale Fundi Viatu alipokuwa akiipanga siku zote. Sikujua nani ameileta. Ufunguo nilimpa Profesa, akanifungulia. Kulipokucha, zamu yake ilipofika, watu waliipisha wote, hata wale wagomvi. Niliijaza, nikaisogeza pembeni.

Jioni nilipofunga koki ilikuwa bado ipo, imejaa.